Je, Bidii ni Hadithi Wanayosimuliwa Maskini?

SWALI

"Mimi ni fundi cherehani na nimeifanya kazi hii kwa miaka tisa. Huamka alfajiri, na usiku mara nyingi taa yangu ndiyo ya mwisho kuzimwa. Nina cherehani moja. Mwenzangu niliyejifunza naye ufundi kwa mwalimu mmoja alinunuliwa cherehani tatu na baba yake mara tu tulipohitimu. Leo ameajiri watu wanne, naye mwenyewe hashoni tena, kazi yake ni kupima wateja na kupokea pesa. Nasema kwa haki kwamba hanizidi ufundi, na kwa bidii namzidi. Kaka yangu ananiambia pesa ndiyo kila kitu, niache kujichosha, nikope nami ninunue cherehani tatu, tena yuko tayari nyumba ya wazazi iwekwe dhamana. Mwalimu wetu wa zamani ananiambia nisikimbilie madeni, nizidishe bidii tu na njia itafunguka. Mimi nimeanza kuona kwamba bidii ni hadithi wanayosimuliwa maskini ili wasilalamike. Kati ya pesa na bidii, kipi hasa kinachomfikisha mtu? Na je, nikope?"

JIBU

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara tatu kabla ya kuanza kuandika, kwa sababu chini ya hesabu za cherehani kuna jambo linalouma zaidi, nalo ni ile shaka kwamba huenda miaka tisa ya maisha yako umeitumia kuamini uongo. Nitaanza na shaka hiyo, kisha nije kwenye mkopo, kwa kuwa mtu anayekopa akiwa na uchungu wa kujiona amedanganywa hukopa vibaya.

Umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni hili: kwa nini huyu ametangulia na yule amebaki nyuma? La pili ni hili: mimi, hapa nilipo na kwa hiki nilicho nacho, nifanye nini? Kaka yako analijibu la kwanza na kudhani amelijibu la pili. Mwalimu wako analijibu la pili na kudhani amelijibu la kwanza. Ndiyo maana kila mmoja wao akizungumza peke yake unamwona mkweli, lakini ukiwaweka pamoja unaona lazima mmoja awe mwongo. Lugha yetu imeyahifadhi majibu yote mawili bila kuona tabu: tunaambiwa kwamba mchumia juani hulia kivulini, na tunaambiwa vilevile kwamba mkono mtupu haulambwi, na sijawahi kumsikia mzee aliyeona haja ya kuifuta methali moja ili nyingine ibaki.

Tuanze na swali la kwanza, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Pesa ya kuanzia ina uzito mkubwa kuliko wanavyokiri wengi waliofanikiwa. Mwaka 2014 wachumi wakiongozwa na Raj Chetty, waliochambua kumbukumbu za kodi za mamilioni ya Wamarekani, walionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa katika sehemu moja ya tano ya chini ya ngazi ya kipato alikuwa na nafasi ya asilimia 7.5 tu ya kufika katika sehemu moja ya tano ya juu akiwa mtu mzima. Kama kipato cha wazazi kisingekuwa na uzito wowote, nafasi hiyo ingekuwa asilimia 20. Mwaka 2018 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, lijulikanalo kama OECD, lilikadiria kwamba katika nchi wanachama, kwa wastani, uzao wa familia iliyo katika asilimia 10 ya chini ungehitaji vizazi vinne hadi vitano kukifikia kipato cha wastani. Denmark vilitosha viwili, na Kolombia vilihitajika 11. Naye Branko Milanovic, aliyetumia miaka mingi kulinganisha vipato vya watu wa dunia nzima, alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za vipato hivyo inaelezwa na nchi ambamo mtu anaishi, na wengi wetu tunaishi katika nchi tulizozaliwa, jambo ambalo hakuna aliyelipata kwa kujituma.

Kati ya matokeo ya aina hii, lililonigusa kuliko yote ni la wavumbuzi. Katika uchunguzi mwingine wa Chetty na wenzake, watoto wa Kimarekani waliotoka katika familia za asilimia 1 ya juu kwa kipato walikuwa na uwezekano mara kumi zaidi wa kuja kusajili uvumbuzi kuliko watoto waliotoka katika nusu ya chini. Mtu atasema labda walikuwa na akili zaidi. Watafiti walilitazama hilo pia, wakaona kwamba hata kati ya watoto waliofanya vizuri sana katika hisabati wakiwa wadogo, wa familia zenye uwezo ndio waliokuja kuwa wavumbuzi kwa wingi, na wenzao wa familia za chini, wenye vichwa vilevile, wakaishia njiani. Kwa hiyo unaposema kwamba mwenzako hakukuzidi ufundi wala bidii na bado amekuacha, mimi sina sababu ya kukutilia shaka, wala hilo si kijicho.

Hata hivyo, takwimu hizo husema jambo moja na watu wakasikia jingine. Fikiria mashamba mia yaliyo katika bonde moja, yote yakinyeshewa mvua ileile. Mwisho wa msimu mengine yamejaa mazao na mengine yana mabua matupu. Mchunguzi atakayetafuta chanzo cha tofauti atakikuta katika udongo, kwa kuwa mvua ilikuwa sawa kwa wote, naye ataandika kwamba mvua haikueleza tofauti yoyote kati ya shamba na shamba. Atakuwa amesema kweli. Lakini mkulima atakayeyasoma maandishi hayo na kuamua kwamba mvua haina kazi, mwaka unaofuata hatavuna hata mabua. Bidii ndiyo mvua hiyo. Imeenea mno kwa watu: wachukuzi, wakulima, walinzi wa usiku, wafagiaji, mafundi kama wewe, wote wanajituma, na kitu ambacho karibu kila mtu anacho hakiwezi kueleza kwa nini wachache wametangulia. Mtaji haukuenea hivyo. Bidii yenyewe si hadithi, ndugu yangu. Kilicho hadithi ni madai kwamba kila aliyetangulia alijituma kuliko walio nyuma yake, na hapo ndipo nadhani hasira yako imepata shabaha isiyo yake.

Sasa tuangalie pesa hufanya nini hasa inapoingia katika kazi ya mtu, maana neno "kila kitu" analolitumia kaka yako halielezi chochote. Ukiwa na cherehani moja na mikono miwili, mapato yako ni bei ya vazi mara idadi ya mavazi unayoweza kuyamaliza, na idadi hiyo ina dari kwa sababu siku ina saa 24 na mwili una mpaka wake. Unaweza kulikaribia dari, lakini huwezi kulivunja kwa kujituma. Mwenzako alipopata cherehani tatu aliacha kuuza saa zake na kuanza kuuza saa za watu wanne, na tangu siku hiyo nyinyi wawili hamkuwa tena katika mashindano ya bidii. Ningekuomba usilidharau hata hivyo alilolifanya, kwa kuwa kuwapata mafundi wanne, kuwalipa kwa wakati, kugundua kosa la mshono kabla mteja hajaliona na kuwa na kazi ya kuwatosha wote ni ufundi mwingine kabisa, ambao wewe hujawahi kujaribiwa nao.

Jambo la pili ambalo pesa hulifanya, na kwangu ndilo kubwa, ni kumpa mtu ruhusa ya kukosea. Mwenzako angenunua kitambaa kisichotoka, au angemwajiri fundi mzembe, au angekosa wateja kwa miezi mitatu, bado cherehani zingekuwa zake na hakuna ambaye angekuja kumdai. Angejifunza na kujaribu tena. Mtu asiye na akiba hupewa jaribio moja tu, na anayejua ana jaribio moja huchagua njia iliyo salama hata kama haina faida, huwapokea wateja wasumbufu kwa sababu hawezi kuwakataa, na huuza kwa bei ya chini kwa sababu anahitaji pesa leo. Mara nyingi tunamtazama mtu wa namna hiyo na kusema hathubutu, ilhali tungekuwa katika viatu vyake tungefanya vivyo hivyo.

Upungufu wa pesa huigusa hata akili yenyewe. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao hupata pesa kwa mkupuo baada ya mavuno. Mkulima yuleyule alipopimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, akiwa na dhiki, alifanya vibaya kuliko alipopimwa baada ya mavuno. Kichwa kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni mzigo kiliokuwa kimeubeba. Nakutajia hili kwa sababu umeandika kwa uchungu, na pengine unajilaumu kwa maamuzi ambayo ni matunda ya kuchoka.

Kutokana na hayo ungedhani nakubaliana na kaka yako. Nakubaliana naye nusu. Nchini Sri Lanka, wachumi Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwapa wenye biashara ndogo mtaji wa bure uliogawiwa kwa kura, wakaona kwamba kwa wastani kila mwezi mtaji huo ulizaa faida ya karibu asilimia 5, kiasi kinachozidi kwa mbali riba za benki. Hiyo ni hoja ya kaka yako ikiwa na ushahidi kamili. Lakini watafiti haohao walipoyatenganisha matokeo waliona kwamba kwa biashara zilizomilikiwa na wanawake mtaji wa nyongeza haukuzaa faida kwa wastani. Pesa ileile, nchi ileile, na tofauti kubwa hivyo. Ukitaka kujua kama mtaji utazaa, basi, huwezi kuutazama mtaji peke yake. Lazima uitazame biashara unamoingia, mahitaji ya nyumbani yanayoivuta pesa hiyo, na soko linaloizunguka.

Pesa inayoangukia mahali pasipo na maandalizi huwa na mwisho unaojulikana. Huko Florida, Marekani, watafiti waliwafuatilia washindi wa bahati nasibu waliokuwa na hali ngumu ya fedha. Waliopata kiasi kikubwa walifilisika kwa uchache katika miaka miwili ya mwanzo, lakini baada ya hapo wakawa wanafilisika zaidi, hata mwishowe ushindi ukawa umeahirisha tatizo bila kuliondoa. Katika jimbo la Georgia, hukohuko Marekani, mwaka 1832 ardhi iligawiwa kwa kura, na uchunguzi wa kumbukumbu za vizazi vilivyofuata haukukuta kwamba watoto na wajukuu wa washindi walisoma zaidi au walipata kipato kikubwa kuliko wa walioshindwa.

Kama ningetakiwa kulisema hili kwa hesabu, ningesema kwamba pesa na bidii hazijumlishwi, huzidishwa. Kumi jumlisha sifuri ni kumi, lakini kumi mara sifuri ni sifuri. Mwenye mtaji asiyejua kazi anazidisha kwa sifuri, na mwenye kujituma asiye na zana yoyote anazidisha kwa sifuri vilevile. Tena, palipo na kuzidisha, kinachokupa mabadiliko makubwa ni kukiongeza kile kilicho kidogo. Ukiwa na tisa za bidii na moja ya mtaji, kuipandisha bidii hadi kumi kunakufikisha kumi, ilhali kuupandisha mtaji hadi mbili kunakufikisha kumi na nane.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwalimu wako, kwa heshima zote anazostahili. Amesema zidisha bidii, na wewe tayari unaamka alfajiri na kulala usiku wa manane. John Pencavel, mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alizichambua kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona kwamba baada ya takriban saa 50 kwa wiki kila saa ya ziada ilizaa kidogo kuliko iliyotangulia, na kwamba mtu aliyefanya kazi saa 70 kwa wiki hakutoa zaidi sana ya aliyefanya kazi saa 56. Saa 14 zilikwenda bure, isipokuwa zilimchosha. Nakuomba uzihesabu saa zako za wiki iliyopita, kisha uhesabu ni mavazi mangapi yalirudishwa na wateja yakarekebishwe, na mangapi kati ya hayo uliyashona usiku.

Pana pia kutoelewana kuhusu neno bidii lenyewe. Wengi tunalitumia kana kwamba maana yake ni wingi wa saa, ilhali mwanasaikolojia Anders Ericsson, aliyewachunguza wapiga fidla wa Berlin na kuchapisha matokeo mwaka 1993, alikuwa akizungumzia mazoezi ya makusudi, yaani kukikabili kile hasa ambacho mtu bado hakiwezi, akisahihishwa. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake waliyakusanya matokeo ya tafiti nyingi za aina hiyo, wakaona kwamba mazoezi yalieleza asilimia 26 ya tofauti za ufanisi kati ya watu katika michezo kama sataranji, asilimia 21 katika muziki, 18 katika riadha na michezo mingine ya viungo, 4 katika elimu, na chini ya asilimia 1 katika kazi za kitaalamu. Kumbuka mvua na udongo kabla ya kukata tamaa kwa namba hiyo ya mwisho. Inachokuambia ni kwamba kadiri kazi inavyotegemea watu, soko na mazingira, ndivyo wingi wa mazoezi peke yake unavyoshindwa kutabiri nani atatangulia. Umeshona kwa miaka tisa; naamini kabisa kwamba mshono wako hauna tatizo, na huenda kukata nguo ya mia tano kwa mtindo uleule hakukuongezei chochote tena, ilhali kujifunza kupanga bei kungekuongezea mengi.

Kuna kitu cha tatu ambacho si wewe, si kaka yako, si mwalimu aliyekitaja, nacho ni watu. Michael Faraday, mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza, alikuwa mtoto wa mhunzi, akajifunza ufundi wa kujalidi vitabu. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimokuwa akifanya kazi alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy. Faraday aliandika maelezo ya kila alichokisikia, akayajalidi kwa mikono yake na kumpelekea Davy, na mwaka 1813 akaajiriwa katika maabara yake. Jiulize ni nini kilichomfikisha. Bila tiketi asingeingia ukumbini, na zile tiketi hakuzipata kwa bidii. Bila kitabu kile alichokiandaa Davy asingekuwa na sababu ya kumkumbuka. Utafiti mkubwa wa Chetty na wenzake uliotolewa mwaka 2022, uliotumia data za urafiki za watu zaidi ya milioni 70 wa Marekani kwenye Facebook, ulionyesha kwamba mahali ambapo watu wa kipato cha chini wana marafiki wengi wa kipato cha juu, ndipo watoto wa maskini hupanda zaidi. Nalitaja hili kwa sababu katika barua yako yumo mtu mmoja ambaye umemtaja kama kipimo cha kushindwa kwako, na mimi namwona kama mlango. Nitarudi kwake.

Sasa mkopo. Kaka yako anaona mwenzako alipata cherehani tatu akafanikiwa, basi nawe ukipata tatu utafanikiwa. Hakuliona jambo moja ambalo hubadilisha kila kitu: mwenzako alipewa, wewe utakuwa umekopa. Zake zilikuja na ile ruhusa ya kukosea niliyoieleza. Zako zitakuja na marejesho, ambayo huanza mara nyingi mwezi uleule, kabla fundi wa pili hajazoea mkono wako na kabla mteja wa ziada hajapatikana. Pesa ya zawadi hupunguza hofu na pesa ya mkopo huiongeza, ingawa zote mbili hununua cherehani ileile.

Ushahidi kuhusu mikopo midogo unalingana na hilo. Majaribio sita yaliyofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, ambayo matokeo yake yalichapishwa pamoja mwaka 2015, yalikuta faida za kiasi tu: watu walipata uhuru zaidi wa kupanga mambo yao, baadhi wakapanua biashara, lakini kwa mtu wa kawaida hayakuonekana mabadiliko makubwa ya kipato. Huko Kolkata, India, watafiti walijaribu kuwapa wakopaji wapya muda wa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza. Waliopewa muda huo walithubutu kuwekeza zaidi, na baada ya miaka mitatu faida zao zilikuwa kubwa kuliko za wengine. Hata hivyo walioshindwa kulipa waliongezeka pia, na hayo mawili yalitoka katika chanzo kimoja.

Upande wa pili wa haki ni kwamba hatua ndogo mno nayo inaweza kupotea. Nchini Bangladesh, wanawake maskini kabisa walipewa mifugo katika mpango wa shirika la BRAC, na uchunguzi wa miaka iliyofuata ulikuta kizingiti: ambao mali yao baada ya msaada ilivuka kiwango fulani waliendelea kupanda, na waliobaki chini yake waliteleza wakarudi walikotoka. Kwa hiyo sisemi kwamba kidogo ni salama siku zote. Nasema kwamba kabla ya kukopa lazima ujue kizingiti chako kiko wapi, na hilo huwezi kulijua kwa kubishana na kaka yako, utalijua kwa daftari.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kati ya watu wanaokuja kuniuliza kuhusu mkopo ni wachache wanaokuja nalo. Kwa miezi mitatu, andika kila vazi ulilolishona, saa ulizotumia, gharama ya kitambaa na uzi, ulicholipwa na lini. Kisha andika jambo ambalo karibu hakuna fundi anayeliandika: kila mteja uliyemkataa au aliyeondoka kwa sababu huna nafasi. Orodha hiyo ndiyo itakayokuamulia. Ikiwa kila wiki unawarudisha watu wenye pesa mkononi, basi kikwazo chako ni mtaji, na cherehani ya pili itaanza kuzaa siku utakayoiweka. Ikiwa cherehani yako hukaa bure baadhi ya siku, na usiku unaofanya kazi ni wa kuwahi ahadi ulizozitoa vibaya, basi cherehani tatu zitakupa tatu zinazokaa bure, na deni juu yake. Ikiwa una kazi tele lakini mwisho wa mwezi huna kinachobaki, kikwazo ni bei, na hakuna mkopo unaoiponya bei mbaya. Kila vazi la nyongeza litakuongezea hasara.

Tuseme daftari limeonyesha kwamba wateja wapo. Ningekushauri cherehani moja, si tatu, na ningejaribu njia zifuatazo kabla ya kugusa mkopo. Omba malipo ya awali kwa kila kazi kubwa, ili kitambaa kinunuliwe kwa pesa ya mteja. Tafuta cherehani iliyotumika, au ya kukodi. Mtafute fundi anayelipwa kwa kila vazi, ili mshahara usikudai katika wiki isiyo na kazi. Na nenda kwa mwenzako. Mwenye mafundi wanne huwa ana wiki ambazo kazi inamzidi, na fundi anayemwamini tangu ujanani ni mtu ambaye hawezi kumnunua kwa pesa. Anaweza kukupa kazi ya ziada kwa bei mliyokubaliana, anaweza kukuonyesha makosa aliyoyafanya katika mwaka wa kwanza, na anaweza kuwa na cherehani isiyotumika. Najua itakuwia vigumu. Pengine ndiyo sehemu ya ushauri huu itakayokugharimu kuliko zote, ingawa hutolipa hata senti.

Ukifika mahali pa kukopa, kopa kiasi ambacho cherehani hiyo moja itakilipa kwa theluthi mbili tu ya faida inayoizalisha, ili mwezi mbaya usikuangushe. Uliza riba inakokotolewa vipi. Mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi, ambao riba yake ni asilimia 10 ya kiasi chote cha mwanzo hata baada ya kupunguza deni, gharama yake halisi ni karibu asilimia 18 kwa mwaka ukilinganisha na mkopo unaotozwa riba kwa deni lililobaki pekee. Watu wengi huzilinganisha namba mbili za aina tofauti na kuchagua iliyo ghali wakidhani wamechagua nafuu. Uliza pia rejesho la kwanza ni lini, na nini hutokea ukichelewa kwa wiki moja.

Kuhusu nyumba ya wazazi, hapana. Dhamana ya namna hiyo inakuondolea kabisa ile nafasi ya kukosea, na inaichukua kutoka kwa watu ambao hawakuulizwa. Kaka yako ana nia njema, lakini anakudhamini kwa kitu ambacho si chake peke yake.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi kuyamaliza. Kabla hujatia saini mkataba wowote, uwe mbele ya mtu anayejua kuusoma, asiye mfanyakazi wa anayekukopesha, yaani mshauri wa fedha, mhasibu au mwanasheria, naye ausome mkataba wote, hasa sehemu ya dhamana na adhabu. Kama tayari una deni jingine ambalo hukulitaja, nenda kwake mapema zaidi, usingoje miezi mitatu ya daftari. Na kama ile hali uliyoiandika, ya kuona kwamba miaka yako imepotea, inakuja nawe kitandani na kukunyima usingizi wiki baada ya wiki, au imekuondolea hamu ya mambo uliyoyapenda, usiichukue kuwa ni uvivu wala udhaifu. Mwone mtoa huduma ya afya ana kwa ana na umweleze kama ulivyonieleza mimi. Kwa mshauri wa fedha, chukua daftari la miezi mitatu, orodha ya wateja uliowakosa, bei ya cherehani uliyoipata kwa wauzaji wawili au zaidi, na nakala ya mkataba ambao bado haujasainiwa. Kama kaka yako atakubali, nenda naye, azisikie namba hizo pamoja nawe.